Maumivu yasiyojulikana chanzo: lini urudi kwa daktari?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 41. Kwa miezi mitano sasa ninasumbuliwa na maumivu chini ya mbavu za upande wa kulia, ambayo mara nyingine huzunguka hadi mgongoni. Hayanilazi kitandani, kazi zangu zote ninazifanya, lakini hayaniachi. Mwezi wa kwanza nilikwenda hospitali nikapimwa damu, mkojo na altrasaundi ya tumbo, nikaambiwa kila kitu kiko sawa na nikapewa dawa za kutuliza maumivu. Tangu hapo ninameza ibuprofeni karibu kila siku. Wiki hizi tatu maumivu yameanza kuniamsha usiku wa manane. Ninaona haya kurudi kwa daktari yule yule kumweleza jambo lile lile, na watu wa nyumbani wameanza kuniona kama mtu anayejidekeza. Nitajuaje kwamba wakati wa kurudi umefika, au nikubali tu kuishi nayo?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Wakati wa kurudi umefika, na ninakuomba wiki hii isiishe kabla hujaonana na daktari. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa barua za namna hii ninazipokea mara kwa mara na karibu zote zimebeba haya hiyo hiyo.

Wengi wetu huyapima maumivu kwa ukali wake. Mtu husubiri mpaka ashindwe kusimama ndipo ajione anastahili kumsumbua daktari, na kama bado anaweza kutembea hujiambia kwamba si kitu. Lakini ukali peke yake hudanganya. Jiwe dogo la figo huweza kumgaragaza mtu mzima sakafuni, kisha likatoka lenyewe kwa njia ya mkojo, ilhali ugonjwa mzito huweza kukua kwa miezi mingi ukitoa maumivu ya kuvumilika tu, au usitoe maumivu yoyote. Ninapomsikiliza mgonjwa, ninachokitafuta kwanza ni mabadiliko: maumivu yalikuwaje mwanzo, yakoje leo, na yamemnyang'anya nini katikati ya hapo. Yako mwanzoni yalikuacha ulale, sasa yanakukatisha usingizi. Hayo ni maelezo mapya, na daktari aliyekupima miezi minne iliyopita hakuwa nayo. Kwa hiyo hurudi na jambo lile lile. Ukiingia chumbani mwake, anza hivi: "Daktari, ulinipima na matokeo yakawa mazuri. Nimerudi kwa sababu maumivu yamebadilika, sasa yananiamsha usiku." Sentensi hiyo ina uzito kwa daktari yeyote makini, na haina hata chembe ya kujidekeza.

Tuje kwenye neno "kila kitu kiko sawa," ambalo limewarudisha nyumbani wagonjwa wengi wakiwa na mashaka kuliko walivyokuja. Kipimo hujibu lile swali kilichoulizwa tu. Altrasaundi huona vizuri mawe katika mfuko wa nyongo na hutoa picha nzuri ya ini na figo, na ndiyo maana ilikuwa busara kuanza nayo. Lakini haikionyeshi kidonda cha tumbo, haioni mshipa wa fahamu uliobanwa karibu na uti wa mgongo, na kongosho mara nyingi hufichwa na gesi iliyo katika utumbo. Majibu yako mazuri yameondoa mambo kadhaa kwenye orodha, na hilo ni jambo la kushukuru. Hayakusema kwamba huumwi.

Hapo ndipo ibuprofeni inaponitia wasiwasi. Dawa hii na ndugu zake, kama vile diklofenaki, hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali mwilini ambazo pia zina kazi ya kulinda ukuta wa tumbo. Zikimezwa kila siku kwa miezi zinaweza kuchimba kidonda, na kidonda cha sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba kina tabia ya kumwamsha mtu usiku tumbo likiwa tupu. Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho, kwa maana sijakugusa wala kukupima. Ninasema tu kwamba inawezekana maumivu ya mwezi wa kwanza na haya ya usiku yasiwe na chanzo kimoja, na daktari hawezi kuliwaza hilo asipojua unameza vidonge vingapi na kwa muda gani. Beba boksi la dawa uende nalo. Kwa sasa acha ibuprofeni. Kama unahitaji kitu cha kukupitisha hadi siku ya kuonana na daktari, parasetamoli hulisumbua tumbo kidogo zaidi, ila mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi asiimeze kabla ya kuuliza. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, macho yakiwa ya manjano, au maumivu yakija na homa na kutetemeka, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi: mahali panapouma si lazima pawe ndipo penye tatizo. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii alikuja mzee mmoja aliyeumwa goti karibu mwaka mzima. Alikuwa na bahasha ya picha za eksirei, zote za goti, zote safi. Alipolala kitandani sikuligusa goti lenyewe, niliukunja mguu wake nikauzungusha taratibu kwenye nyonga, naye akaukamata ukingo wa kitanda na kusema, "Hapo hapo!" huku kidole chake kikionyesha goti. Tulipopiga picha ya nyonga tukakuta gegedu limekwisha na mfupa unasuguana na mfupa. Mwaka mzima lilikuwa likitazamwa goti lisilo na kosa. Vivyo hivyo mfuko wa nyongo huweza kuumiza bega la kulia, moyo ukaumiza taya au mkono, na mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo ukafuata ubavu na kuuma mbele kana kwamba ni tumbo.

Katika hali kama yako ipo njia rahisi ya kutofautisha, iliyoelezwa mwaka 1926 na daktari mpasuaji wa Marekani aliyeitwa Carnett. Mgonjwa hulala chali, daktari huweka kidole penye uchungu, kisha mgonjwa hunyanyua kichwa na mabega bila kujishika ili misuli ya tumbo ikaze. Uchungu ukizidi au ukabaki vile vile, chanzo kinaelekea kuwa kwenye misuli au mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo. Ukipungua, kinaelekea kuwa ndani zaidi. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Kinahitaji mgonjwa aguswe, na hili ninalisema kwa uchungu, kwa sababu siku hizi mgonjwa anaweza kupita katika vyumba vitatu vya vipimo bila mtu kuweka mkono tumboni mwake. Una haki ya kuomba kwa heshima: "Daktari, naomba uniguse hapa panapouma."

Kabla ya kwenda, tumia siku tatu au nne kuandika, lakini uandishi huo usiwe sababu ya kuahirisha. Andika saa maumivu yanapoanza, yanakaa muda gani, na yakoje kwa maneno yako mwenyewe: yanachoma, yanavuta, yanapwita, yanasokota, au yanawaka kama moto. Maneno hayo husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa maumivu ya kuwaka moto yenye ganzi hutuelekeza kwenye mishipa ya fahamu, na yale ya kusokota kwa vipindi hutuelekeza kwenye viungo vilivyo kama mirija, mfano utumbo, njia ya nyongo au njia ya mkojo. Andika yanavyohusiana na kula, kujipinda, kuvuta pumzi na hedhi. Hedhi ninaitaja kwa makusudi, maana wanawake wengi wenye endometriosisi, yaani ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, wamekaa miaka wakiambiwa kwamba kuumia ni sehemu ya uanamke. Jipime uzito pia. Na ukiona vipele vya malengelenge vimejipanga upande mmoja wa mwili penye maumivu, nenda mapema, kwa kuwa mkanda wa jeshi hutanguliza maumivu siku kadhaa kabla ya vipele, na dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vitokee.

Kwa wasomaji wengine wanaojiuliza swali lako, mimi hutumia vigezo hivi. Maumivu madogo yenye sababu inayojulikana, kama kuteguka au kazi nzito, yanaweza kupewa wiki mbili hivi za kuangaliwa mradi kila siku yanapungua. Yasiyo na sababu, yanayozidi, yanayoamsha usiku, yanayoambatana na kupungua uzito au homa isiyoisha, au yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, yasingojewe hata hizo wiki mbili. Na yapo ya dharura kabisa: kifua kinachobana pamoja na jasho au pumzi kukatika, kichwa kinachopasuka ghafla kwa uchungu usio na mfano, tumbo lililokakamaa kama ubao, kigimbi kimoja kilichovimba na kuuma, maumivu makali ya tumbo kwa mjamzito, na korodani inayouma ghafla, ambayo ikiwa imejisokota huwa na saa chache tu, kama 6 hivi, kabla haijaanza kufa.

Umeuliza pia kama ukubali tu kuishi nayo. Huenda vipimo vyote vikafanyika upya na kisionekane kitu. Hata hapo hutakuwa umejitungia. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, ambamo yanaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa kwa haki yake yenyewe, hata pasipo kidonda wala uvimbe. Mfumo wa fahamu unaweza kuzoea kupiga kelele, ukaendelea kuuma baada ya jeraha kupona. Matibabu yake yapo: mazoezi yanayoongezwa polepole, dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, kurekebisha usingizi, na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, ambaye husaidia watu wenye maumivu halisi kabisa. Lakini hiyo ni hatua ya kufikiwa pamoja na daktari, baada ya kuchunguzwa. Usijipe hukumu hiyo ukiwa peke yako saa nane za usiku.

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 67. Tangu miezi miwili na nusu anaumwa mgongo, na akilala ndiyo kwanza unazidi. Amepungua, ukanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Tukimwambia habari ya hospitali anasema ni uzee. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Uzee humletea mtu kukakamaa kwa mwili asubuhi na uchovu wa viungo, lakini hauelezi maumivu mapya ya mgongo yanayozidi mtu akipumzika, wala hautoboi ukanda. Mgongo uliochoshwa na kazi kwa kawaida hupata nafuu kitandani. Usiopata nafuu, kwa mtu aliyepita miaka 50 ambaye uzito wake unashuka, ni lazima uchunguzwe, na tunachokitafuta ni saratani iliyosambaa kwenye mifupa, kwa mfano kutoka tezi dume, kifua kikuu cha uti wa mgongo, au mfupa uliopasuka kwa udhaifu. Huenda baba hana hata kimoja kati ya hivyo. Lakini kifua kikuu hutibika, na hata saratani iliyosambaa ina matibabu ya kupunguza uchungu na kuulinda uti wa mgongo usibanwe, hivyo kila wiki inayopita ni hasara kwake. Muulize, kwa faragha na kwa adabu, kama miguu inalegea, kama ana ganzi katikati ya mapaja, au kama mkojo unakataa kutoka au unamtoka bila kujua. Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja, mpelekeni leo hii, usiku au mchana, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa hivyo inaweza isirudi tena.

Kuhusu kumshawishi, msimzunguke watu watano kumhutubia. Mzee akizungukwa hutetea heshima yake, na mgongo husahauliwa. Kaa naye wewe peke yako, umwambie kwamba wewe ndiye usiyelala kwa kumsikia akigeuka geuka usiku, na umwombe aende kwa ajili yako. Na ukanda huo nendeni nao. Daktari akiuliza baba amepungua kiasi gani, na nyumbani hamna mizani, mwonyesheni tundu la zamani na lile la msumari.