Timu inashinda, mahesabu ya nini? Ngoja niwape habari ya mbuzi wa deni

Mkuu mleta uzi umeuliza kwamba timu inabeba makombe, mishahara inatoka, sasa hawa wanaohoji nani anamiliki nini na kudai mahesabu wana shida gani kama sio wivu. Naona wengi wamekuja na matusi, mi sikutukani kwa sababu miaka ya nyuma nilikuwa nasema hayo hayo tena kwa kelele kukuzidi.

Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, ila kule nyumbani mkoani niliwahi kuwa mweka hazina msaidizi wa timu moja ya daraja la kwanza, jina naliacha maana wahusika tunasalimiana msikitini mpaka leo. Timu ilikuwa hoi, vijana wanalala kwenye madarasa shule zikifungwa, ugali maharage Jumatatu mpaka Jumatatu. Akatokea tajiri mmoja wa mazao, sisi tukawa tunamwita Bosi. Bosi akaleta kosta, jezi seti mbili, akapanga nyumba ya kambi, mishahara alikuwa anatoa mwenyewe mkononi, mchezaji anaitwa kwenye gari anapewa bahasha anashuka anaitwa mwingine. Mi mweka hazina msaidizi sikuwahi kujua straika wetu analipwa shilingi ngapi, na wala sikujali bana, tulikuwa tunashinda!

Kwenye mkutano mzee mmoja fundi cherehani akanyoosha mkono akauliza, "Wanangu, hizi hela tunapewa au tunakopeshwa?" Ukumbi mzima ukamzomea. Mi binafsi nilisimama nikamwambia mzee kaa chini utatukimbizia mtu. Hiyo sauti yangu bado inanisuta.

Msimu ule tukamaliza vizuri sana, Bosi akachinja mbuzi wanne, mji mzima ukala.

Msimu uliofuata mazao yakamwendea vibaya na juu ya hapo akakorofishana na mwenyekiti kisa kocha. Ijumaa moja tuna safari ya mechi ya ugenini, saa kumi na moja alfajiri vijana wako barabarani na mabegi, kosta haionekani, dereva hapokei simu. Saa moja ndio akapiga yeye, "Kaka nisamehe, nimeambiwa gari lisitoke." Tukachangishana pale pale, tukadandia basi la abiria, wengine wamekalia ndoo kwenye korido, tukafika usiku, kesho yake tukafungwa 4.

Baada ya wiki mbili karani wake akaja na kaunta buku. Wakuu, ile kaunta buku sitaisahau. Kila kitu kipo na tarehe yake, dizeli, pango la kambi, bahasha, maji katoni 6, dawa ya misuli, af chini kabisa kwa mwandiko safi "mbuzi 4, sherehe ya timu". Wale mbuzi tuliokula tukampigia makofi walikuwa mkopo! Jumla ilikuwa inapita milioni 80. Na hatukuwa na karatasi hata moja ya kumbishia kwa sababu hatukuwahi kuandikishana kitu. Kosta kadi ina jina lake, nyumba mkataba wake, hata zile jezi. Cha timu kilichobaki ni jina na mipira kama tisa hivi, miwili imetoboka.

Sasa usiniambie hayo ni ya timu za mchangani. Mei 2017 tajiri wetu Manji alipojiuzulu uenyekiti pale Yanga, Jangwani, tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa mara 3 mfululizo, hakuna mtu alikuwa na hofu yoyote. Baada ya hapo? Mishahara ikaanza kusuasua, wachezaji wakaondoka, msimu wa 2018/19 tunatembeza bakuli nchi nzima, kocha Zahera mwenyewe ndio anahamasisha watu watume michango kwa simu. Mi nilituma elfu kumi kumi mara kadhaa na tulimaliza wa pili kwa roho tu. Watani walitucheka mpaka basi, lakini swali la kujiuliza ni ilikuwaje klabu ya 1935 yenye mamilioni ya watu ikakosa hela ya mishahara kwa sababu mtu mmoja kaondoka. Hiyo sio lawama kwa Manji, alitoa sana na Mungu amrehemu. Lawama ni yetu tuliokuwa tunakula mbuzi.

Upande wa Msimbazi, watani wetu Simba, nao wana ya kwao. Tajiri wao Mo Dewji alianza na ofa ya bilioni 20 kwa asilimia 51, utaratibu wa serikali ukataka wanachama wabaki na 51 yao, ikaishia 49 kwa bilioni 20 hiyo hiyo, wanachama wakapitisha. Piga kikokotoo, 49 ikiwa bilioni 20 maana yake klabu nzima ni kama bilioni 40.8. Hundi ya mfano imekuja kuonyeshwa 2021, hapo katikati ni mabishano redioni kila asubuhi, hela imeingia haijaingia, anazotoa kwenye mishahara zinahesabiwa humo au hazihesabiwi. Na katika miaka hiyo hiyo walibeba ligi mara 4 mfululizo. Kwahiyo kombe halijibu hilo swali, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Af kuna Ihefu, timu ya Mbarali kule Mbeya. Novemba 2022 walitupiga 2-1 kule Ubaruku wakakata rekodi yetu ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, niliumwa siku mbili. Leo ukienda Mbarali hiyo timu haipo, ilihamia Singida na 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Kisheria inawezekana kila kitu kilifuatwa sina ugomvi nao, ila mfikirie yule muuza mchele aliyekuwa anafunga duka kwenda uwanjani, nani alimuuliza yeye?

Hata Ulaya ni mbuzi wale wale ukubwa ndio tofauti. Watu wa Chelsea walidhani tajiri wao Abramovich anatoa zawadi, 2022 inauzwa ndio wengi wanasikia klabu inadaiwa na mwenye klabu pauni bilioni 1.5. Bahati yao aliisamehe. Bury, klabu ya Uingereza ya 1885, haikuwa na bahati hiyo, mtu kainunua kwa pauni 1 Desemba 2018, Agosti 2019 imefukuzwa kwenye ligi.

Mi sipingi matajiri jamani, bila wao mpira wetu unarudi kwenye ugali maharage kesho asubuhi. Ninachotaka ni karatasi. Hii hela ni hisa, ni udhamini, ni zawadi au ni mkopo, na kama ni mkopo riba ngapi na unalipwa kutoka wapi, hela za Azam za kuonyesha mechi kwenye TV, viingilio au ada zetu. Uliza wakati mnashinda, tajiri akiwa na furaha anasaini. Akishanuna unaletewa kaunta buku.

Umesema mkutano wenu ni Jumapili na maswali ya wanachama huwa wanayakata haraka. Basi usianze na mambo ya ukaguzi utazomewa kama yule mzee. Nyoosha mkono uliza kitu kimoja tu kidogo, kadi ya basi la timu imeandikwa jina la nani. Af angalia nani anamwangalia nani pale meza kuu, halafu urudi hapa utuambie.