Kutembeza mbwa kwa hela: maswali yenu na majibu yangu

Juzi niligusia kidogo habari ya vijana wanaoingiza hela kwa kutembeza mbwa za watu kule Masaki na Oysterbay, Dar, basi meseji zimemiminika. Nimechagua chache, majina nimeyaacha, na maswali nimeyafupisha maana kuna watu mmeandika ndefu utadhani barua ya posa.

Kaka mimi niko Mwananyamala, sina ishu. Hivi kweli Mtanzania gani atanilipa nimtembezee mbwa wakati mbwa huwa anajitembeza mwenyewe?

Mdogo wangu, jirani yako wa Mwananyamala hakulipi, hilo tukubaliane. Ila wewe hapo mpaka Oysterbay si mbali, na kule kuna watu wa balozi, watu wa mashirika, wenye makampuni, na Waswahili wenzetu wenye nyumba za geti ambao wamenunua mbwa aina ya German shepherd au rotwaila kwa hela nyingi afu anafungiwa bandani toka asubuhi mpaka usiku. Mbwa wa hivyo akikaa wiki nzima bila kutoka anachimba bustani, anatafuna mipira ya maji, anabweka mpaka jirani anapiga simu kulalamika. Mwenye nyumba katoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa mbili usiku na foleni imemmaliza, hana hamu ya kushika kamba. Huyo ndo mteja wako, na anachotaka kununua ni mbwa aliyechoka, basi.

Sasa kabla hujagonga geti lolote jua kwanza nani anamtembeza huyo mbwa kwa sasa. Mara nyingi ni mlinzi au mtu wa bustani, anapewa chochote juu ya mshahara. Ukimruka ukaenda kwa bosi moja kwa moja umemkata mwenzio riziki, na geti anafungua yeye, na bosi akiuliza "huyu kijana vipi" atakayejibu ni yeye. Kwa hiyo anza nae. Msalimie, kaa nae kwenye kibenchi chake, muulize mbwa anaitwaje, anaogopa nini, pikipiki anazifukuza au hazifukuzi, amewahi kung'ata mtu. Mwambie wazi kwamba ukipata hiyo kazi siku ambazo haupo yeye ndo atatembeza na utamkatia chake. Wengi wanarukia kutengeneza vipeperushi na kurasa za Instagram, mimi naona kama una hela ya vipeperushi mnunulie mlinzi chai.

Nichaji shilingi ngapi? Kwa saa au vipi?

Mteja wa mara moja mchaji kwa mzunguko, lakini wa kila siku mchaji kwa mwezi na akulipe mwanzoni. Ukikubali kulipwa mzunguko mmoja mmoja atakuwa anakata siku ya mvua, siku ya sikukuu, siku shemeji yake kaja kutembea na amesema atamtoa mbwa mwenyewe, wewe umeamka saa kumi na moja alfajiri umefika getini unaambiwa leo hapana.

Twende na hesabu ya mfano tu, sio kwamba ndo bei ya soko. Tuseme elfu 7 kwa mzunguko wa dakika 40, siku 5 kwa wiki, wiki 4, nyumba moja inakupa laki 1 na elfu 40. Nyumba tatu laki 4 na elfu 20. Kama zote tatu ziko mtaa mmoja unashuka daladala mara moja, unatoa mmoja unarudisha unachukua wa pili, mpaka saa tatu asubuhi umemaliza na siku yako yote unayo unaweza kuuza kitu kingine. Sasa chukua hao hao watatu uwatawanye, mmoja Masaki, mmoja Mikocheni, mmoja Mbezi Beach. Bodaboda zinakula tuseme elfu 6 kwa siku, kwa siku 20 hiyo ni laki 1 na elfu 20 imeondoka, na bado hutawamaliza kabla ya jua kali kwa hiyo mmoja atakushinda tu utaacha. Ndo maana nasema hii kazi hela yake iko kwenye umbali, wala sio kwenye bei. Mteja wa mbali anayekupa elfu 10 anaweza kuwa hasara, na wa geti la pili anayetoa elfu 6 akawa faida. Ukishapata nyumba ya kwanza usizunguke mjini, hakikisha huo mtaa mzima wanakuona unapita na mbwa ametulia, tena muda ule ule kila siku.

Na muandikishiane, hata kama ni meseji ya WhatsApp: siku gani, saa ngapi, mbwa akiumia nani analipa daktari wa mifugo, wewe ukiumwa inakuwaje, na mtu akitaka kuacha anatoa taarifa wiki ngapi kabla. Afu kila ukitoka tuma kapicha kamoja, mbwa yuko wapi, amekunywa maji. Bosi yuko ofisini kwenye kikao anaangalia picha ya mbwa wake anafurahi, siku ya kuongeza bei hutabishana nae sana.

Niaje, mimi niko Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, nina wateja Runda na Gigiri. Naeza beba mbwa watano pamoja niwapeleke msitu wa Karura nimalizane nao mara moja?

Karura mbwa wanaruhusiwa ila wawe kwenye kamba muda wote, na ile hela ya kuingia getini usisahau kuiweka kwenye bei yako, wengi wanaisahau. Lakini watano hapana ndugu yangu. Mle ndani kuna baiskeli, kuna wanaokimbia, kuna watoto, kuna kima na kuna paa. Mbwa mmoja akimuona paa akaruka, wanne waliobaki wanaruka nae hata kama hawajui wanakimbiza nini, na wewe una mikono miwili.

Hata wenzetu ambao hii kazi kwao ni ya siku nyingi wameweka mipaka. London, kwenye zile bustani kubwa za kifalme kama Hyde Park na Richmond Park, anayetembeza mbwa kwa biashara anatakiwa awe na leseni na asizidishe mbwa 4. Na Januari 2023 kule Caterham, Surrey, mtembezaji mmoja mwanamke aliuawa kwa kung'atwa na mbwa akiwa kazini, polisi walikamata mbwa 8 siku ile. Mimi ningekwambia anza na wawili wa nyumba moja waliozoeana. Wa nyumba tofauti kwanza wakutanishe nje ya mageti yao, sehemu ambayo sio ya yeyote, watembee sambamba kwa umbali siku kadhaa kabla hujawaunganisha. Jike akiwa kwenye joto mtembeze peke yake, usijaribu ushujaa.

Assalaam alaykum. Mimi Muislamu niko Tanga, nimepata hiyo kazi ila mama anasema mate ya mbwa najisi na hela yake haina baraka. Nifanyeje?

Waalaykum salaam. Hukumu ya kazi yenyewe muulize ustadhi wako, mimi sio mufti. Tunachokijua wengi wa pwani ambao ni Mashafii ni kwamba mbwa ni najisi nzito, kilichopata mate yake kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, na pia kwamba mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo kufugwa kwake kuna ruhusa. Sasa ukienda kuuliza usiseme tu "nafanya kazi za mbwa", mueleze vizuri: wewe huuzi mbwa, hulali nae ndani, unashika kamba asubuhi unarudisha, na mbwa mwenyewe ni wa ulinzi. Atakufafanulia na habari ya kugusana kavu kwa kavu, hapo ndo wengi wanachanganya.

Kwa upande wa vitendo, nguo za kazi na viatu visiingie nyumbani kwa mama, viache kazini kwa mlinzi, kwenye mfuko wa peke yake. Vaa glovu, shika kamba ndefu ili asikurukie, oga huko huko ubadilishe ndo uende kuswali. Na mama usibishane nae kwa kumuonyesha hesabu za hela, sio hoja aliyoitoa.

Mbwa wa mteja ameniparua na jino mkononi, damu kidogo tu. Nimepaka spiriti. Inatosha?

Haitoshi, na hili jibu lisome umesimama. Osha hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, angalia saa usikadirie, afu nenda hospitali leo leo ueleze umeng'atwa na mbwa. Usifunge kwa kitambaa cha kubana, usiweke pilipili wala majani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna kurudi, karibu kila mtu anakufa, lakini chanjo ukiianza mapema na kuimaliza zote inazuia. Watu wanaishia sindano ya kwanza wakiona kidonda kimefunga, kidonda sio tatizo. Na mbwa asiuliwe wala asifukuzwe, afungwe aangaliwe siku 10, bwana mifugo ajulishwe.

Kwa wengine wote: kadi ya chanjo ya mbwa uione kwa macho yako kabla ya siku ya kwanza. Tarehe, muhuri, jina la mbwa. Mteja akianza "ipo, ipo mahali, nitakutafutia" kazi haianzi. Na kama umeamua kuifanya hii kazi kweli kweli ulizia hospitali chanjo ya kujikinga kabla, inapendekezwa kwa watu wanaoshika wanyama kila siku.

Mimi mwanafunzi Leicester, Uingereza. Naona watu wanapiga paundi 15 kwa saa kupitia programu ya simu. Nijiunge?

Kama uko kwa viza ya mwanafunzi usijiunge. Yale masaa 20 kwa wiki ya wakati wa muhula ni ya kuajiriwa, viza yako inakataza kujiajiri, na ukijisajili kwenye programu kama Rover unahesabika umejiajiri. Hata kama ni mbwa mmoja wa bibi wa jirani. Paundi 15 isikufukuzishe chuo.

Ndugu zetu wengine huko wenye haki ya kujiajiri mambo ni rahisi kiasi. Mapato ya biashara ndogo yasiyozidi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi kwa kawaida hayahitaji kusajiliwa, ukizidisha unajisajili HMRC, yaani watu wa kodi wa huko, kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata baada ya mwaka huo wa kodi kuisha. Kutembeza peke yake hakuhitaji leseni ya taifa, ila kulaza mbwa wa watu nyumbani kwako kwa malipo kunahitaji leseni ya halmashauri, kanuni za England ni za mwaka 2018, na wapo wanaojisahau hapo wakati wa likizo. Mbwa akiwa barabarani awe na kola yenye jina na anwani ya mwenyewe. Na chukua bima, huko mbwa akimwangusha mtu wa baiskeli hakuna kuombana msamaha yaishe.

Nafanya kazi za ndani. Bosi kanunua mbwa, sasa kumtembeza asubuhi na jioni ni mimi, mshahara ule ule. Nisemeje?

Dada yangu, sema siku ya mshahara ukiwa bado hujaipokea hela mkononi, na usiseme "nachoka". Sema: "Mama, mbwa ananichukua saa moja na nusu kwa siku, chakula cha jioni kinachelewa. Naomba tupange, aidha uniongezee kiasi fulani au atafutwe kijana wa kumtembeza." Hicho kiasi kiwe unakijua kabla hujafungua mdomo. Akichagua kijana, uwe na namba ya mmoja tayari.

Jua la Dar na mbwa inakuwaje?

Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami, ukishindwa kuuacha sekunde chache na yeye nyayo zitaungua. Desemba mpaka Machi toka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Wale wa pua bapa, bulldog na wenzake, dakika chache tu na maji mkononi, wakianza kukoroma na ulimi umeiva mwekundu rudi kivulini haraka umwagie maji ya kawaida.

Samahani kwa swali la kijinga, mavi nayo naokota mimi?

Wewe. Na utaokota nini, maana rambo zilipigwa marufuku Tanzania toka tarehe 1 Juni 2019 na Kenya walitangulia Agosti 2017, kwa hiyo usije ukanaswa na mgambo na furushi la rambo mfukoni. Gazeti la zamani linafanya kazi vizuri, kata vipande ukunje mapema nyumbani, weka na kikoleo kidogo cha plastiki na bahasha za kaki. Unapeleka kwenye pipa la nyumba ya mwenye mbwa, sio mtaro wa jirani, jirani yule unamtaka awe mteja wako wa pili.