Maswali na majibu: Newton ifufuliwe au iachiliwe?

Swali: Apple ina pesa na wahandisi wa kutosha. Kwa nini isiirudishe Newton, kompyuta yake ya mkononi ya miaka ya tisini iliyoandikiwa kwa kalamu, ikaitia skrini mpya na betri mpya?

Kwa sababu kitakachorudi kitakuwa jina tu. Ndani yake wataweka mfumo uleule wa simu zao, duka lilelile la programu na akaunti ileile ya kuingilia, na baada ya miaka michache utaambiwa kifaa chako hakipokei tena masasisho. Newton ya kwanza, iliyouzwa kwa jina la MessagePad, ilitoka Agosti 1993 na haikumuuliza mtu nenosiri la kampuni. Unaiwasha, unaandika, unaizima. Hapakuwa na faili za kupewa majina wala haja ya kukumbuka kuhifadhi. Ulichoandika kiliingia kwenye ghala moja la pamoja, na kila programu ikachota humo. Jina la rafiki uliloliweka kwenye kitabu cha anwani lilikuwa tayari kwa kalenda na kwa faksi.

Ninayo MessagePad 2100 mezani ninapoandika haya. Ukitaka kufuta neno, unalipitishia kalamu kwa mistari ya msumeno. Neno linageuka wingu dogo la moshi na kutoweka. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba utakula mchana na fulani Jumanne, kisha ukagusa kitufe cha msaada, inakufungulia miadi yenye jina na siku, inakusubiri uithibitishe. Na haya yote yanafanyika bila intaneti.

Kwa hiyo nisingependa kuona Newton mpya. Ninachodai ni msimbo wa ile ya zamani, yaani maandishi ya programu zake. Apple iliiua Newton tarehe 27 Februari 1998 na ikabaki na funguo mfukoni. Kuna programu iitwayo Einstein inayoigiza Newton ndani ya kompyuta ya kisasa, kazi nzuri ya watu wanaojitolea, lakini ROM, kumbukumbu ya kudumu yenye mfumo wa Newton, ni mali ya Apple, kwa hiyo anayetaka kuitumia kwa njia halali anatakiwa anakili ROM ya mashine yake mwenyewe. Miaka zaidi ya 25 imepita. Kampuni iliyoacha kuuza kitu na kuacha kukitengeneza haina sababu ya kuwazuia wanaokitengeneza bure.

Swali: Nimesikia Newton ilikufa kwa sababu haikuweza kusoma mwandiko. Ni kweli?

Nusu kweli, na nimechoka kuisikia ikisemwa kama ndiyo habari nzima. Mashine za mwanzo zilitumia kisomaji cha kampuni ya ParaGraph ya Urusi, kilichosoma neno zima kwa kuliegemeza kwenye kamusi. Neno lisilokuwemo liligeuzwa kuwa neno jingine lililomo. Majina ya watu ndiyo yaliyoumia zaidi, na kwenye kitabu cha anwani kosa la jina ni kosa kubwa. Wachora vibonzo wakaona pa kuchekea, na kicheko hicho kikaganda.

Lakini mfumo wa Newton 2.0 ulileta kisomaji kingine kilichotengenezwa na Apple wenyewe, kinachosoma herufi zilizoandikwa moja moja bila kuunganishwa. Hicho kilisoma vizuri. Kwenye mashine yangu naandika majina yasiyo na chembe ya Kiingereza ndani yake, herufi kwa herufi, nayo inayapokea. Kazi hiyohiyo iliibuka tena mwaka 2002 kwenye kompyuta za Mac kwa jina la Inkwell, kwa hiyo hata Apple haikuiona kuwa takataka.

Kilichoiua ni bei, ukubwa na wakati. Ya kwanza iliuzwa kwa takriban dola 700. Mwaka 1996 ikaja Pilot, kompyuta ya mfukoni ya kampuni ya Palm, kwa takriban dola 300, ikiingia kwenye mfuko wa shati. Palm hawakuhangaika kusoma mwandiko wa kila mtu; walimfundisha mtumiaji alfabeti yao rahisi, Graffiti, na watu wakajifunza kwa muda mfupi. MessagePad 2000 ya mwaka 1997 ilikuwa na chipu ya StrongARM ya megahezi 162, mashine ya nguvu kwelikweli kwa wakati wake, lakini ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo na haikuingia mfuko wowote. Mwaka huohuo wa fedha Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Steve Jobs aliporudi alikata bidhaa nyingi, na hii ikawa miongoni mwake. Kukata ninakuelewa. Kuwaacha wenye mashine bila msimbo, nyaraka za ndani wala ruhusa ndiko nisikokukubali.

Swali: Lakini iPad si ndiyo Newton yenyewe?

Hapana. iPad ilitoka 2010 bila kalamu. Apple Pencil ilikuja 2015, na kuandika kwa mkono ndani ya kisanduku chochote cha maandishi kukaja 2020. Urithi wa kweli wa Newton umo ndani zaidi: ARM, kampuni inayobuni chipu, ilianzishwa mwaka 1990 na kampuni za Apple, Acorn na VLSI, na chipu zake ndizo zilizoiendesha Newton. Simu uliyonayo karibu hakika inatumia usanifu huohuo.

Swali: Nimeikuta Newton kwenye droo, haiwaki. Nifanye nini?

Umeifungua sehemu ya betri? Naulizwa swali hili kila mara na kila mara muulizaji hajatazama humo. Betri za kawaida zilizoachwa miaka mingi huvuja. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, toa betri, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa, ndipo utie mpya. Kama ni eMate 300, Newton yenye kibodi inayofunguka kama kompyuta mpakato, usiifungue na kuifunga ovyo: springi ya bawaba yake hujulikana kwa kuchoka na kutoboa waya wa skrini.

Ikiwaka, kazi ya kwanza ni kutoa nakala ya yaliyomo. Modeli za 2000 na 2100 zinahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomekea waya, na hicho ndicho kinachopotea kuliko vyote. Rudi kwenye droo ukakitafute kabla hujaifuta wala kuiuza.

Swali: Tarehe kwenye Newton yangu imevurugika.

Inahesabu sekunde kuanzia mwanzo wa 1993, na tarehe 5 Januari 2010 hesabu ilijaa. Kuna kiraka, yaani programu ndogo ya kurekebisha kosa hilo, kisakinishe. Hakikutoka Apple, alikiandika mtumiaji.

Swali: Na Palm je? HP ilikosea kuiua?

HP ilikosea namna ilivyoingia, lakini ilitoka vizuri kuliko Apple. Iliinunua Palm mwaka 2010 kwa takriban dola bilioni 1.2. Kishikwambi chake, TouchPad, kiliingia sokoni 1 Julai 2011, na tarehe 18 Agosti mwaka huohuo HP ikatangaza kuachana nacho. Wiki saba hivi! Waliokinunua kwa bei kamili wakaona kikiuzwa dola 99.

Ila Desemba ile HP ikatangaza kuufungua msimbo wa webOS, mfumo ulioendesha TouchPad, na mwaka 2012 ikautoa. Baadaye LG wakauchukua mfumo huo, na leo unaendesha televisheni zao. Wenye TouchPad nao walitia Android wakaendelea kuzitumia miaka mingi. Huo ndio mfano ninaowawekea Apple mbele, maana HP haikupoteza chochote kwa kufanya hivyo.

Swali: Nataka kununua kifaa kipya cha kuandikia madokezo. Nitajuaje hakitaachwa?

Hutajua, kitaachwa. Jiulize kitafanya nini siku hiyo. Dukani, zima intaneti yake kisha andika, tafuta ulichoandika, na ukitoe kwenda kompyuta kwa waya. Kikigoma mojawapo, basi kazi yako imo kwenye seva ya mtu mwingine, na siku seva ikizimwa utabaki na kioo. Tazama pia kama betri inatolewa kwa skrubu au imegandishwa kwa gundi. Newton yangu inakula betri nne ndogo za kawaida, zinazouzwa hadi leo. Vifaa vingi vilivyotoka baada yake vimekufa kwa betri zilizovimba ndani ya gundi.

Swali: Kalamu ya MessagePad imepotea. Nitumie nini?

Kijiti chochote cha plastiki chenye ncha butu. Skrini yake inahisi mgandamizo, haihitaji kalamu yenye umeme. Usitumie kalamu ya wino hata kama imekauka, kwa sababu ncha yake ya chuma itachimba mfereji palepale unapoandika zaidi, na skrini hizo hazitengenezwi tena.