Mwanga haufiki mifupani

Dadangu, umeuliza kama dawa ya saratani inayoamshwa kwa mwanga itamponya mama yako. Hapana, haitamponya ikiwa saratani ya titi imeshaingia mifupani. Mwanga wenyewe hupenya nyama kama sentimita 1 tu. Mie ni muuguzi, na swali hili naulizwa sana. Dawa hudungwa mshipani, hutulia ndani ya seli bila kudhuru mpaka imulikwe kwa leza nyekundu. Hapo oksijeni hugeuka kali na kuiua seli. Kwa kuwa mwanga lazima ufike penye saratani, Marekani iliiruhusu 1995 kwa saratani ya umio, ambako waya wa mwanga unapitishwa kooni. Dawa ya aina hii iliyofungwa kwenye kingamwili (protini inayonasa shabaha yake) ili ilenge seli za saratani, Japani iliidhinisha 2020, lakini kwa saratani ya kichwa na shingo. Kwa titi imejaribiwa kwenye vinundu vya ngozi ya kifua, vile vinavyorudi baada ya upasuaji.

Na jua! Ukidungwa porfimeri, mojawapo ya dawa hizi, unajificha siku 30 au zaidi, ngozi isiungue. Kwa jua la Mombasa hata kuvuka feri ya Likoni mchana ni hatari. Tafadhali, mama asiache dawa zake akingojea hii.