Maji miguuni pa dereva: kabla hujafungua silikoni nyingine

SWALI: Fundi, nina gari la bodi ya faibaglasi nililoliunganisha mwenyewe juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. Kila mvua ikinyesha, maji yanatuama miguuni pa dereva. Nimezungushia silikoni kioo cha mbele mara mbili na bado. Nizibe wapi?

JIBU: Kwa sasa usizibe popote. Pale unapoyaona maji ndipo yalipoishia safari, si yalipoingilia. Yanaweza kupenya kwenye tundu la waipa, yakafuata nyaya nyuma ya dashibodi, yakakudondokea miguuni, nawe ukakilaumu kioo.

Toa viti na zulia, kausha kila kona, kisha nyunyiza poda ya watoto kwenye viungo. Maji yakipita, poda itaonyesha mchirizi. Mwenzako akae ndani na tochi, wewe uwe nje na mpira wa maji. Maji yatiririke tu. Ukiyapa presha yatapenya hata pasipovuja kwa mvua. Anzia chini, bodi inapokutana na sakafu, dakika 5 hivi mahali pamoja, ndipo upande juu: matundu ya nyaya, ya waipa, ukingo wa kioo, mlango. Ukianzia juu, maji yanateremka yakilowesha viungo vyote na hutajua mkosaji ni yupi.

Mimi nakishuku kiungo cha sakafu. Bodi ya chuma ya Beetle ilikaa juu ya mpira, ikabanwa kwa bolti pande zote. Ukingo wa chini wa bodi ya faibaglasi haukunyooka vile, na ukikaza bolti hubonyea pale penye bolti na kuinuka katikati. Weka utepe wa butili (utepe laini unaonata wa kuzibia) unene wa kutosha, na badala ya washa ndogo, vile vipete vya chuma vya kwenye bolti, tumia bapa refu la chuma linalounganisha bolti kadhaa, ili mbano usambae. Kaza kidogo kidogo kwa kuzunguka gari zima.

Halafu angalia matundu uliyotoboa mwenyewe. Hapa wengi hujisahau: faibaglasi iliyokatwa ikabaki mbichi hunywa maji kupitia nyuzi zake kama utambi. Paka resini (ule utomvu unaogandisha nyuzi za faibaglasi) kwenye kingo za tundu, iache ikauke kabisa, ndipo urudishe bolti na gundi ya poliurethani, ile inayobaki na unyumbufu kama mpira. Usijaze puti ngumu kwenye kiungo, maana bodi hii hunepa gari likitembea na puti itapasuka.

Kuhusu hiyo silikoni, kama ilinuka siki ulipoipaka, basi inakula chuma pia. Vilevile rangi, resini na gundi nyingine hazishiki juu yake. Ikwangue yote, futa kwa dawa ya kuondolea silikoni inayotumiwa na wapaka rangi wa magari, na msasa uje mwisho; ukianza na msasa utaisugua iingie ndani zaidi.

Mlango upimwe kwa karatasi: ifungie mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira haugusi hapo. Usibadili mpira mzima kwa pupa, kwani nafasi kwenye milango ya aina hii hutofautiana. Bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) sehemu kadhaa, funga mlango, upime unene uliobaki.

Zulia lisirudi mpaka umerudia jaribio la maji na poda ikabaki kavu.