Mnaoanza kumsoma Nozick, anzeni sura ya 7

Kila muhula wa kwanza wa falsafa ya siasa tunapata vijana wa aina mbili, kuna anayemshangilia Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, kama mgombea wa chama chake na kuna anayemchukia hata kitabu chake, Anarchy, State, and Utopia, hajakifungua, kasikia tu kwamba ni mtu wa matajiri. Wote insha zao zinafanana, maksi pia zinafanana. Wadogo zangu, huyu bwana msimsome kama mwanasiasa, msomeni kama mbishi aliyebishana mpaka akajigeuza mwenyewe.

Kazaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1938, baba yake mhamiaji Myahudi kutoka Urusi. Akiwa chuo Columbia alikuwa msoshalisti kabisa, tena wa vitendo, alianzisha tawi la jumuiya ya wanafunzi wa mrengo huo. Sasa alipokwenda kufanya PhD Princeton, ambayo kaimaliza 1963, akakutana na watu wanaotetea soko huria na serikali ndogo, hao ndio tunaowaita walibertari, na anasema wazi kwenye shukrani za kitabu chake kwamba alianza kuwachukulia siriasi ili awapinge. Awapinge, unaona. Akatafuta hoja ya kuwaangusha akaikosa, akaenda nao kwa shingo upande, na kwenye dibaji anakiri kwamba watu wengi anaowajua na kuwaheshimu hawakubaliani naye. Kwa hiyo ukimsoma ukakasirika usione ajabu, yeye mwenyewe alianzia hapo.

Akiwa na miaka 30 tayari ni profesa kamili Harvard, idara moja na mwanafalsafa mwenzake John Rawls. Rawls katoa kitabu chake kikubwa cha haki 1971, na Nozick akajibu 1974 na Anarchy, State, and Utopia, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kitaifa ya vitabu huko Marekani. Katikati hapo, 1970 hadi 1971, aliendesha kozi moja pamoja na mwanafalsafa wa siasa Michael Walzer kuhusu ubepari na usoshalisti, kila mtu na upande wake, na vitabu vya wote wawili vimetokana na mabishano yale. Mkipata wa kubishana naye namna hiyo hapo hosteli mshikeni sana.

Haya, kitabu chenyewe. Ukianzia ukurasa wa kwanza utakwama, nakwambia ukweli. Sehemu ya kwanza anajenga dola kuanzia zero: watu hawana serikali, wanaungana kulindana, vikundi vya ulinzi vinashindana, kimoja kinawameza wenzake, mwisho unakuta una serikali ndogo ya kulinda watu na mali na mikataba basi, na hakuna aliyeonewa njiani. Hoja nzuri ila ndefu na ina kona nyingi, mwanafunzi mpya anachoka anafunga. Anza sura ya 7, halafu sura ya 3, ndipo urudi mwanzo.

Sura ya 7 ndiko aliko Wilt Chamberlain, yule mcheza kikapu aliyefunga pointi 100 mechi moja mwaka 1962. Nozick anasema hivi, chagua wewe mgao wa mali unaouona wa haki, sawa kwa sawa ukitaka, tuuite D1. Sasa Wilt kakubaliana na timu kwamba kwa kila tiketi senti 25 zinaingia kwenye kisanduku chenye jina lake. Msimu unaisha, watu milioni moja wamekuja kwa hiari yao, Wilt ana dola 250,000 na usawa wako umeshavunjika. Nani kadhulumiwa? Hapo soma taratibu na penseli mkononi, maana hoja si kwamba Wilt anastahili kwa kuwa ana kipaji, hilo kosa nalisahihisha kila mara mpaka nimechoka. Hoja ni kwamba mgao wowote wenye umbo maalum, usawa au mahitaji au bidii, utavurugwa na hiari za watu, na ukitaka kuulinda itabidi uingilie maisha yao kila wakati. Ukitaka kumpinga mpinge hapo: je, D1 ilimpa mtu mali ya kufanyia lolote, au ilikuja na masharti? Swali hilo tu linakutosha insha nzima.

Utakuta pia sentensi yake maarufu kwamba kodi ya kipato cha kazi iko sawa na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Msiikate mkaibandika kama kibwagizo, angalieni inavyotoka: kuchukua kipato cha saa kadhaa za mtu ni kama kumfanyisha kazi saa hizo kwa faida ya wengine. Ukishaiona hatua hiyo ndo unaweza kuuliza kama kweli hizo saa zote ni zake peke yake.

Na kuna mahali wanaomshangilia wanaruka makusudi. Nadharia yake ina kanuni tatu: mali ilipatikanaje mwanzo, ilihamaje kutoka mkono hadi mkono, na dhuluma zilizopita zinarekebishwaje. Hiyo ya tatu hakuimalizia, anakubali mwenyewe, na anasema huwezi kutumia nadharia yake kulaani mpango fulani wa kusaidia maskini mpaka iwe wazi kwamba hakuna dhuluma ya zamani inayodai kurekebishwa. Rafiki yangu mmoja wa Kilifi aliposoma mstari ule aliweka kitabu mezani akacheka, kwao kuna watu wamezaliwa na kuzikwa kwenye shamba ambalo hati ina jina la mtu mwingine. Hata kuhusu mali ya mwanzo anamkejeli John Locke, mwanafalsafa wa zamani aliyesema ukichanganya kazi yako na kitu kisicho na mwenyewe kinakuwa chako: nikimwaga juisi yangu ya nyanya baharini, nimeimiliki bahari au nimepoteza juisi?

Sura ya 3 ina mashine ya uzoefu, unaunganishwa nayo ubongo unahisi kila raha unayotaka, ungekubali? Ni kurasa chache mno, someni usiku mmoja.

Tahadhari ya mwisho ni ya mitihani. Mtasikia "Nozick alikana", yaani aliukana msimamo wake wa 1974. Kwenye kitabu chake cha 1989 kweli aliandika kwamba msimamo wake wa zamani sasa anauona na upungufu mkubwa, ila karibu na kifo chake, alifariki Januari 2002 kwa saratani ya tumbo, alisema kwenye mahojiano kwamba habari za yeye kuhama zimetiwa chumvi. Katikati hakukaa kujibu wakosoaji, hakutaka maisha yake yote yawe kuandika kitabu kilekile mara ya pili, akaenda kwenye nadharia ya maarifa, kwenye uamuzi wa kiakili, na kozi za kila aina. Kwa hiyo kila ukiandika "Nozick anasema" weka na mwaka pembeni, 1974 au 1989, usahihishaji wako utakuwa mwepesi na mimi nitalala mapema.