Tapones (vizibo vya masikio): masikio yetu kwenye mashamba ya matufaha, Yakima

Misimu mitatu nilifanya kazi Bonde la Yakima, jimbo la Washington, Mtanzania peke yangu kati ya Wamexico. Neno nililolisikia kuliko yote lilikuwa "¿mande?", yaani "unasemaje?" Nilidhani ni adabu yao tu. Kumbe mzee niliyelala naye chumba kimoja, dereva wa trekta la kunyunyizia dawa miaka mingi, alikuwa hawasikii tena wajukuu wake kwenye simu, na usiku masikio yalimvuma kama mzinga wa nyuki.

Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazotuwezesha kusikia, zikifa kwa kelele, hazioti tena. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri kikomo cha kelele cha desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 unabaki na dakika 15 tu, na msumeno wa injini hupita hapo. Huhitaji kipimo: ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu yako, umbali wa mkono, akusikie, kelele imezidi. Na usingoje kuitwa kupimwa masikio, kwani kanuni ya shirikisho inayowabana wenye viwanda haigusi mashamba.

Vizibo vya sponji tulikuwa navyo, tena na maelezo ya Kihispania. Lakini wenzangu wengi walitoka Oaxaca, kusini mwa Mexico, lugha ya nyumbani kwao Kimixteco, na kusoma ilikuwa shida. Walivichomeka nusu, vikadondoka, vikaishia mfukoni. Hapa karatasi haisaidii. Onyesha kwa mikono.

Nawa kwanza, usije ukaingiza dawa ya shamba sikioni. Viringisha sponji mpaka iwe nyembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia sekunde 30 ivimbe. Sauti yako ikisikika nzito, kama unaongea ndani ya mtungi, imekaa.

Walikuwa na hofu ya haki kabisa: nikiziba, nitalisikiaje trekta likirudi nyuma? Tukapatana ishara za mikono, na dereva haondoi gari mpaka amemwona kila mtu.

Vijana wapya walipokuja, yule mzee ndiye aliyewafundisha, kwa Kimixteco, akiwashika masikio mmoja mmoja.